Jaha ya Kuombea Chumba

Habari ya kufungwa kwa chumba chetu haikuletwa na mtu. Ililetwa na viti. Asubuhi moja ya Septemba, shule ikiwa ndiyo kwanza imefunguliwa, lori dogo lilisimama langoni, vikashushwa viti vya mahameli nyekundu, vikapangwa ukutani mbele ya mlango wetu, vingali vimevikwa nailoni. Wasfi, kijana avaaye vifaa vya kusikilia masikioni na ambaye husema kana kwamba walimwengu wote ndio viziwi, alivitazama akauliza kwa sauti iliyofika ghorofa ya juu:

"Harusi ya nani?"

"Si harusi, ni talaka," akajibu mwenzake Kutaiba bila kuinua kichwa. "Vinaingia hivyo, tunatoka sisi."

Alisema kweli. Mji wetu wa Salt umejengwa juu ya vilima, na shule yetu ya sekondari, kama nyumba za mji wenyewe, ni ngazi juu ya ngazi. Chumba cha msaada wa masomo ndicho pekee kilicho sawa na lango. Hiyo ndiyo sababu kilipewa vijana wa elimu maalumu hapo zamani, kwa kuwa mmoja wao alikuwa wa kiti cha magurudumu. Na hiyo hiyo ndiyo sababu Mwalimu Mkuu alikitamani sasa kiwe chumba cha kupokelea wageni, ili wakaguzi wenye umri wao na matumbo yao wasihangaike na ngazi. Ustadh Raid, mwalimu wa chumba hicho, aliambiwa kwamba wanafunzi wake watasaidiwa humo humo katika madarasa yao ya kawaida. Darasa la kawaida limejaa vijana hadi dirishani, na mwalimu wake ni mmoja, tena koo linamuuma. Kila mtu alijua maana ya msaada huo.

Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu ualimu wa lugha na mashairi katika shule hiyo, na Ustadh Raid alikuwa ameniomba nije mara kwa mara nisome na vijana wake. Nilikubali, kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa imekuwa kimya mno baada ya wanangu kuoa na kutawanyika.

Kutaiba alikuwa darasa la kumi na moja, mwaka mmoja kabla ya mtihani mkuu wa taifa. Alichokisikia mara moja hakikumtoka: nilimsomea beti za kale huku nikigonga meza kwa mizani yake, naye akanirudishia kesho yake bila kuangusha hata silabi. Lakini maneno yayo hayo yakiwa juu ya karatasi yalimpiga chenga.

"Zinahama, shehe," aliniambia siku ya kwanza. "Nikizitazama tu hizi herufi, zinahama kama mbuzi wa babu."

Ustadh Raid akamkatia kipande cha kadibodi kutoka katika boksi la halua, akakitoboa tundu refu jembamba, lenye kuonyesha mstari mmoja na kuificha mingine yote. Kwa tundu hilo Kutaiba alianza kusoma, kwanza neno, kisha mstari, polepole mno, jasho likimkusanyikia juu ya mdomo, lakini alisoma. Hakumsomea mtu yeyote nje ya chumba kile. Nyumbani walijua kwamba hasomi, naye aliona afadhali waendelee kujua hivyo kuliko wamsikie anavyosoma.

Nyumbani maana yake ni kwa babu yake, Abu Dhiyab, aliyemlea tangu utotoni, mzee wa ukoo na mwenye mizeituni mingi kwenye mteremko wa magharibi. Abu Dhiyab alikuwa ametoa kauli: chumba kikifungwa, na shule basi. Ami yake Kutaiba ana duka la kuziba pancha kwenye barabara ya Amman, na alikuwa amekwisha kumshonea kijana ovaroli ya buluu, yenye jina lake kifuani.

"Jina lenyewe silisomi upesi," Kutaiba alisema, "lakini najua ni langu kwa sababu ndiyo ovaroli safi kuliko zote. Bado haijanijua."

Alisema akicheka, kisha akageuka dirishani, na hakucheka tena mpaka kengele ilipolia.

Siku ile ya viti, Ustadh Raid alitoka kwenda kuonana na Mwalimu Mkuu, akarudi amejipaka tabasamu. "Amesema nisiwe na wasiwasi," alisema. "Mtu akikwambia hivyo, ujue kazi imekwisha."

"Tumwandikie barua," akasema Wasfi.

"Tuandike sisi?" Kutaiba akamjibu. "Itamfika ameshastaafu."

"Basi tulie."

"Wewe ukilia utavunja madirisha." Kisha Kutaiba akaanza kugonga meza kwa vidole, taratibu, kama nimfundishavyo. "Shehe," akasema, "kwa nini tusimwendee kwa jaha?"

Nilifikiri anatania. Jaha kwetu ni ujumbe wa wazee waliovaa majoho, wanaokwenda nyumbani kwa mtu kumwomba jambo zito: mkono wa binti yake, au msamaha wa damu iliyomwagika. Mwenyeji huwapa kahawa chungu. Msemaji wao huipokea, akaiweka finjani chini mbele yake bila kuionja, akaitaja haja yao. Mwenyeji akisema, "Kunyweni kahawa yenu, mmepata mlichokijia," jambo limekwisha. Na asiposema, kahawa hupoa pale chini, na aibu yake huwatosha watu wa pande zote mbili.

"Mwanangu," nikamwambia, "jaha haiendi kuomba darasa."

"Huenda kuomba nini?"

"Mke. Au sulhu."

"Huenda kuomba haja," Kutaiba akasema. "Babu amenibeba kwenye jaha tangu sijaota meno. Mara moja walimwendea mtu wa bonde la pili wakamwomba auze mbwa wake kwa sababu hakuwaacha watu walale. Waliweka finjani chini, wakampata mbwa. Kwani sisi hatumshindi mbwa?"

Ustadh Raid alitazama dari. Yeye ni mwajiriwa wa Mwalimu Mkuu, hakuweza kusema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba ana shughuli, akatoka, akaurudishia mlango polepole kwa adabu kubwa. Kutaiba akaanza kutupanga kwa vipande vya chaki juu ya meza: huyu atakaa hapa, yule pale, babu katikati, na wewe, shehe, ndiwe msemaji, kwa kuwa ulimfundisha Mwalimu Mkuu mwenyewe alipokuwa kijana.

"Nilimfundisha," nikakiri. "Alikuwa anasinzia."

"Ndiyo vizuri. Atakuonea haya."

Abu Dhiyab hakufurahi. Alinijia msikitini baada ya sala ya Adhuhuri, akanishika mkono. "Sikiliza, Abu Nizar. Mjukuu wangu amenialika kwenye jaha yake mwenyewe, kana kwamba mimi ndiye mtoto. Nitakuja, kwa sababu jaha ikitoka mtaani petu bila mimi watu watasema nimekufa. Lakini sitafungua mdomo. Kusema kweli, kile chumba kimemsaidia nini? Miaka yote hiyo, na kibao cha duka hakisomi."

"Umewahi kumwambia akusomee?"

"Nimdhalilishe? Namwonea huruma."

Nikavaa viatu vyangu. Siri haikuwa yangu.

Jioni nikampigia simu Mwalimu Mkuu. Nyumbani na mitaani huitwa Abu Hatim, na hivyo ndivyo nilivyomwita. "Abu Hatim, sisi wazee kadhaa tuna haja kwako. Tutakuja Ijumaa, baada ya Alasiri, Mungu akipenda."

Sauti yake ikaja laini kama samli. "Karibuni, shehe wangu, karibuni sana. Nyumba ni yenu na watoto ni wenu."

Hakuniuliza ni haja gani, kwa sababu kumuuliza mgeni haja yake kwenye simu ni utovu wa adabu; nami sikumtajia, kwa sababu kuitaja haja kabla ya kahawa ni utovu wa adabu ulio mkubwa zaidi. Tukaagana kwa dua, kila mmoja akiusifu ungwana wa mwenzake. Huo ungwana ndio uliotuponza.

Ijumaa tulipanda ngazi za nyumba yake tukiwa na majoho, vilemba vimepigwa pasi, Abu Dhiyab akitangulia na fimbo yake, nami nikimfuata, wazee wa mtaa nyuma yetu, na mwishoni Kutaiba na Wasfi wamevaa suti za kuazima. Ngazi zilikuwa zimeoshwa, zingali na maji. Mlangoni walisimama ndugu zake Abu Hatim na mashemeji zake, wote wamenyoa. Ndani kulinukia iliki na samli na sukari inayochemka; niliitambua kunafa, ile keki ya jibini na shira ya siku za furaha, kabla sijavua viatu.

"Shehe!" Wasfi akaninong'oneza, na mnong'ono wa Wasfi husikika mtaa wa pili. "Kumbe huyu mtu anatupenda!"

Nami, Mungu anisamehe, niliona tu kwamba ni ukarimu. Tukaketi, sisi ukuta huu na wao ukuta ule. Hatim, mwana wa mwenye nyumba, akapita na dele la kahawa, akammiminia kila mtu. Nilipoipokea finjani yangu niliiweka chini mbele yangu, na wazee wote wakaweka za kwao. Nikajikohoza, nikamsifu Mwenyezi Mungu, nikamsalia Mtume, nikaanza:

"Abu Hatim, sisi tumekuja kwako..."

"Kunyweni kahawa yenu!" akasema Abu Hatim, amesimama, mikono ameitandaza, uso wake unang'aa. "Wallahi simwachi mtu kama wewe aombe. Kunyweni kahawa yenu, mmepata mlichokijia!"

Papo hapo, nyuma ya mlango wa ndani, vikalipuka vigelegele. Vilikuwa vigelegele vya wanawake wengi, waliokuwa wamejikusanya wakisubiri, na vikajibiwa na jirani wa juu, na wa chini, na wa ng'ambo ya barabara, mpaka mbwa wa mtaa wakaanza kubweka.

Hapo ndipo nilipofahamu. Abu Hatim ana binti, Lujain, amemaliza chuo mwaka huo, na mjini kulikuwa na minong'ono kwamba watu wa mwenye duka la dawa wataleta posa. Alipoona msemaji ni mimi, na Abu Dhiyab katikati, alidhani tumetumwa na hao.

"Kunywa, shehe!" Kutaiba akanong'ona nyuma ya bega langu. "Kunywa basi! Ameshasema!"

Mkono wa Abu Dhiyab ulikuwa umefika nusu ya njia kuelekea finjani yake. Wazee wengine walinitazama, kwa kuwa mtu hawezi kunywa kabla ya msemaji. Finjani ndogo ile, yenye kahawa ya kufunika kidole, ilikuwa na chumba chetu chote ndani yake. Funda moja tu, na Abu Hatim asingeweza kurudi nyuma mbele ya mashemeji zake hata dunia ikipinduka.

Nikaifunika finjani kwa kiganja changu.

"Abu Hatim," nikasema, "Mungu akuzidishie ukarimu. Lakini bado hujajua tulichokijia."

"Najua, shehe wangu, najua!" Akacheka. "Nani katika mji huu asiyejua?"

"Ni nini?"

Akawatazama ndugu zake kama anayeona haya kwa niaba yangu. "Binti yangu, jamani."

"Hatukumjia binti yako."

Kigelegele cha mwisho kilikatika katikati, kama kamba. Mlango wa ndani ukafunguka kidogo, na sauti ya kijana wa kike ikauliza kwa mshangao zaidi kuliko huzuni, "Sasa mimi nimeposwa na nani?"

"Na chumba," akasema Wasfi kwa kusaidia.

"Nyamaza, we mtoto," akasema Abu Dhiyab, ingawa alikuwa ameapa kutofungua mdomo.

Nikalieleza jambo lote, kwa maneno machache kuliko niliyokuwa nimeyaandaa, maana hotuba yangu nzuri ilikuwa imekufa. Nilisema tumekuja kuomba chumba cha msaada kiachwe palepale kilipo, kwa vijana wanaokihitaji. Shemeji mmoja wa Abu Hatim alianza kutetemeka mabega. Alikuwa anacheka na kujizuia, na kujizuia kulimshinda.

"Mmevaa majoho," akasema akijifuta macho, "mkawaleta wazee wa mji mzima, kuomba darasa?"

"Bora sisi," Kutaiba akajibu. "Nyinyi mmenyoa wote kwa ajili ya darasa."

Kicheko kikapita kuta zote mbili, isipokuwa pale alipokaa Abu Hatim. Yeye alikuwa amekaa tena, uso mwekundu kuliko viti vyake vipya. Alisema kwa sauti nzito, "Haya. Neno nimeshalitoa, na watu wamelisikia, na mtaa mzima umepiga vigelegele. Chukueni chumba chenu. Kunyweni."

Tungekunywa, tungekuwa tumepata. Nilifikiri juu ya ovaroli ya buluu. Nilifikiri pia kwamba mtu aliyetoa ridhaa bila kujua anachokiridhia hajaridhia, na kwamba mimi ndimi niliyesimama mbele ya vijana hawa wiki nzima nikiwaambia maneno ya kweli na ya uadilifu.

"Hapana, Abu Hatim," nikasema. "Neno lililotoka kwa makosa ninakurudishia. Hatukudai kitu. Sasa unajua, sema upya, na ukisema hapana tutaondoka tukiwa marafiki zako."

"Kamrudishia!" Wasfi akalia, akapiga paji la uso. "Jamani, shehe kamrudishia!"

Kutaiba alikuwa nyuma yangu. Nilihisi macho yake mgongoni, na sikugeuka.

Abu Hatim alinitazama muda mrefu, kama aliyekuwa hajategemea kupewa mlango wa kutokea. Alipojibu, hasira ilikuwa imepungua, lakini ukaidi ulibaki. "Basi na mimi nitasema kweli, shehe, kwa kuwa umenifungulia. Chumba kile sikukichukua kwa ubaya. Kila mwaka wanakuja wakaguzi, wananiuliza: hapa mnafanya nini? Nami sina la kuwaonyesha. Ustadh Raid ananiambia wanaendelea, wanaendelea. Wanaendelea kwenda wapi? Nionyesheni kitu kimoja kilichotoka mle. Kimoja tu."

Wazee wakanigeukia mimi. Ni kweli kwamba ningeweza kutaja mambo. Lakini sikuwa na idhini ya kuyataja.

Kutaiba akasimama. Alipita katikati ya chumba, baina ya kuta mbili za watu, mpaka kwenye meza ndogo iliyokuwa na gazeti la asubuhi, akalichukua. Kutoka mfuko wa ndani wa suti ya kuazima akatoa kile kipande cha kadibodi chenye picha ya halua iliyofifia. Niliona anataka kusoma. Babu yake naye aliona, akafanya kama anayetaka kuinuka, nikamgusa goti.

"Si lazima, mwanangu," akasema Abu Dhiyab kwa upole. "Twende zetu."

Kutaiba akaweka kadibodi juu ya ukurasa, akaisogeza hadi alipotaka, akavuta pumzi.

"Wi... Wizara," akasoma. "Wizara ya Ki... Kilimo. Yawa... yawata..." Akasimama. Akarudi nyuma kidogo kama anayetaka kuruka mtaro. "Yawatahadharisha. Wakulima wa zeituni."

Ilichukua muda. Kusikia mtu mzima kiasi kile akipambana na neno moja mbele ya wazee si jambo rahisi, na wengine walitazama zulia. Shemeji aliyecheka hakucheka tena. Jasho lilikusanyika juu ya mdomo wa Kutaiba. Aliisogeza kadibodi kwenye mstari wa pili.

"Vinu vya... kukamua... ha-vi-ta-fu... havitafunguliwa. Mwanzo wa mwezi ujao. Kama ilivyo... ilivyota... ilivyotangazwa."

"Nini?" akasema Abu Dhiyab.

Kutaiba akainua macho, akiwa amepauka, akidhani amekosea.

"Havitafunguliwa mwanzo wa mwezi?" Abu Dhiyab alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. "Mimi nimeshaagiza wachumaji! Vinafunguliwa lini?"

"Sijafika hapo, babu."

"Basi fika! Endelea!"

Kutaiba akaendelea. Mstari wa tatu ulisema juu ya mvua iliyochelewa na tunda ambalo bado halijashika mafuta. Sasa wazee wa ukuta wetu walikuwa wameinama mbele; na wa ukuta wa pili vilevile, kwa kuwa katika Salt hakuna familia isiyokuwa na mizeituni yake, hata kama ni miwili nyuma ya nyumba. Neno lilipomkwama Kutaiba, hakuna aliyetazama zulia. Walimtazama mdomo, wakisubiri kama watu wanaosubiri maji yafunguliwe.

"Ka... kati... katikati..."

"Katikati ya mwezi gani?" akauliza shemeji.

"Mwache kijana asome!" Abu Hatim akamkaripia. Naye alikuwa amesogea mpaka ukingo wa kochi. "Katikati ya mwezi gani, Kutaiba?"

"Katikati ya Oktoba," Kutaiba akasoma, "na atakayechuma... kabla ya hapo... atapata hasara ya mafuta."

Ukuta mzima ukapumua. Wakaanza kusemeshana wote kwa pamoja, huyu akilaumu Wizara, yule akiilaumu mvua, Abu Dhiyab akihesabu kwa vidole wachumaji wa kuahirishwa. Kwa muda fulani walisahau kabisa kilichowaleta pale. Kutaiba alibaki amesimama katikati, gazeti mkononi, akiwatazama, na polepole uso wake ukaanza kurudiwa na rangi.

Aliyekumbuka wa kwanza alikuwa babu yake. Aliacha kuhesabu. Akamtazama mjukuu wake kuanzia suti ya kuazima hadi kile kipande cha kadibodi.

"Umesoma," akasema.

"Polepole, babu."

"Nimesikia ni polepole, mimi si kiziwi." Akageuka kwangu. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha nimwonee huruma bure!"

Abu Hatim aliinuka. Safari hii hakutandaza mikono, na uso wake haukung'aa. Alikuwa na sura ya mtu aliyekuwa anasinzia darasani akaamshwa kwa heshima. Aliitazama finjani yangu, ambayo kahawa yake ilikuwa imekwisha kupoa.

"Mmekuja kuomba chumba cha msaada kiachwe palepale kilipo," akasema, akilitamka kila neno. "Si binti, si kitu kingine?"

"Ni chumba, Abu Hatim. Palepale kilipo."

"Basi kunyweni kahawa yenu. Mmepata mlichokijia."

Nikaiinua finjani, nikanywa. Na wazee wote wakanywa. Hatim alitaka kutubadilishia kahawa ya moto, baba yake akamzuia: hiyo hiyo. Ilikuwa baridi na chungu mno. Hakuna aliyebakisha.

Safari hii vigelegele havikuja. Abu Hatim akaita, "Vipi huko ndani? Hamjasikia?"

"Tumesikia," ikajibu sauti ya mkewe, Umm Hatim. "Lakini sipigi tena kigelegele mpaka nimjue bwana harusi."

Akaambiwa, akapiga kimoja, kifupi, cha adabu. Kisha akaingiza sinia ya kunafa, akisema kwamba haiwezi kusubiri wenye duka la dawa na kwamba aliyefika ndiye mgeni. Wasfi alikula fungu la ujumbe mzima wa posa peke yake.

Viti vya mahameli vimo hadi leo mwishoni mwa ukumbi wa ghorofa ya kwanza, na wakaguzi wakija hupanda ngazi, hupumzika juu ya viti hivyo, kisha hushuka tena kuonyeshwa chumba chetu. Abu Hatim mwenyewe ndiye huwaongoza. Kiti kimoja alikileta kwetu, akasema ni cha shehe. Ninakikalia.

Watu wa mwenye duka la dawa walikuja kweli mwezi ule. Nilialikwa kuwa upande wa mwenyeji. Msemaji wao aliweka finjani chini, akasema aliyoyasema kwa ufasaha mkubwa, akamtaja kijana, akamtaja binti kwa jina lake na la baba yake. Abu Hatim alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama wana haja nyingine yoyote katika nyumba ile au ndiyo hiyo tu. Wageni walitazamana. Mimi nilitazama zulia.

Abu Dhiyab siku hizi hanunui gazeti bila kumpelekea Kutaiba. Kila asubuhi, kabla ya shule, kijana husoma kwa kadibodi yake naye mzee huketi karibu, amesahau miwani makusudi, akinung'unika: "Upesi kidogo, mwanangu, habari zinazeeka." Vinu vilifunguliwa katikati ya Oktoba, kama ilivyosomwa. Nilipopita kwenye mteremko wa magharibi nilimwona mzee juu ya ngazi ya kuchumia, katikati ya matawi, amevaa ovaroli ya buluu yenye jina la mjukuu wake, iliyombana kifuani.

"Imeshaingia mafuta," akanipigia kelele, "ami yake haitaki tena. Ningeitupa?"